Kabla ya Kulipia Shamba au Kununua Mbolea, Pimisha Udongo

Kila msimu wa mvua ukikaribia, malalamiko huwa yaleyale: mbolea haikufanya kazi, mbegu ni feki, maabara imetoa majibu ya ajabu. Mbegu feki zipo, hatukatai. Lakini baadhi ya sampuli tunazoletewa hujieleza zenyewe: konzi moja ya udongo uliochotwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka zizini, bado unachuruzika maji, umefungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) iliyokuwa na chumvi. Majibu yatakuwa ya zizi na chumvi.

Utaratibu ni huu, ufuatwe kama ulivyo. Gawa shamba kulingana na mwinuko, rangi ya udongo na mazao yaliyotangulia. Kila sehemu iwe na sampuli yake. Tembea kwa zigizaga, uchimbe mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Kwa kahawa chukua pia udongo wa sentimita 20 hadi 40, uuweke kando. Ruka vichuguu, majivu, njia za ng'ombe na palipotiwa mbolea karibuni. Changanya katika ndoo safi ya plastiki (ya mabati huharibu kipimo cha zinki), bakiza nusu kilo, uanike kivulini. Si juani, si juu ya jiko. Andika jina, kijiji, kina, tarehe na zao unalokusudia. Usipotaja zao, utapewa tarakimu bila ushauri. Maabara zipo hapa Uganda, za Kawanda na Chuo Kikuu cha Makerere zikiwemo.

Majibu yakija, anza na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo. Ikiwa chini sana ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hunaswa na udongo. Hapo kuongeza DAP, mbolea ya fosforasi, ni kumwaga pesa. Tangulia na chokaa ya kilimo, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye majibu, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda.

Na tafadhali, tuachane na habari ya kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Karamoja kuna udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata mvua ikinyesha hadi jembe halitoki. Kahawa ya Bugisu inastawi miteremko ya Elgon kwenye udongo mwekundu.

Anayenunua shamba achimbe shimo linalomfika magotini au zaidi. Akikuta mwamba au tabaka gumu karibu, mizizi itaishia hapo. Akikuta rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, maji hutuama.

Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, angalia mto uko wapi. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine. Kwa maziwa yaliyoorodheshwa ni mita 200, mengine 100. Anayelima humo bila kibali anaweza kuamriwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuondoa mazao na kurejesha eneo kwa gharama yake, na mahakama inaweza kumtoza faini chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019. Faini hizo huhesabiwa kwa pointi za sarafu. Pointi moja ni shilingi 20,000, na faini haiishii kwenye pointi moja. Barua ya mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji) haisogezi mpaka huo. Inaonyesha tu kwamba alishuhudia mauzo.