Betri haijafa, imeisha chaji

Jana tena. Niko kwa binamu yangu Ngamiani, hapa Tanga, vijana wanne wamebanana kwenye laptopu moja wanacheza My Summer Car, ile gemu ya Finland ambayo hadithi yake ni ya mwaka 1995, unaunga gari bolti kwa bolti, na njaa, kiu au ajali vyote vinaweza kukumaliza. Usiku umeingia, taa za gari zimekuwa njano kama kibatari, dogo akazima engine kidogo, kuja kupiga stata ikalia tk tk tk halafu kimya. "Betri imekufa, tukanunue nyingine." Nikasema hapana, leo naandika.

Maana yenyewe fupi: betri ni chombo, chaji ni kilichomo ndani. Chaji ikiisha unaijaza tena. Betri iliyokufa ni ile ambayo hata ukiichaji haishiki. Basi, ndio hivyo.

Ila hebu tuliangalie neno. Betri tumeitoa kwa Waingereza, wao wakaitoa kwa Wafaransa kwenye neno la kupiga, likaja kuwa jina la mizinga ya vita iliyopangwa pamoja. Mwaka 1749 hivi Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa anaunganisha vitu vyake vya kioo vya kuhifadhia umeme, akaona vimejipanga kama mizinga, akaviita betri. Kwa hiyo kimoja peke yake sio betri, betri ni kundi. Kile kijiwe kimoja cha rimoti tunakiita betri kwa kuzoea tu, lakini ya gari ni betri ya haki kabisa, ile ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja volti mbili na ushee, na kama ni ya kuongeza maji hesabu vifuniko mwenyewe.

Sasa sisi wa Tanga neno mzinga tunalijua kotekote, maana Novemba 1914 Waingereza walikuja hapa na manowari na mizinga ya chuma, wakapigwa na jeshi la Wajerumani na nyuki nao wakawamalizia, mpaka leo Wazungu wanaviita vita vya nyuki. Basi chukua mzinga wa nyuki. Ukirina asali yote mzinga umekufa? Haujafa, hauna asali tu. Chaji ndio asali.

Na nyuki ni altaneta, kile kifaa cha gari cha kuzalisha umeme. Mafundi wengi wanaiita dainamo, kitaalamu ni vitu viwili tofauti lakini hapo sina ugomvi, kwa sababu mji huu wa baiskeli kila mtu anaijua dainamo, ukikanyaga taa inawaka, ukisimama giza. Kwenye gari engine inazungusha mkanda, mkanda unazungusha altaneta, altaneta inarudisha chaji kwenye betri. Ile gemu mkanda unachakaa mpaka unakatika, na ukishakatika gari bado linatembea, unajiona mzima, kumbe taa na kila kitu vinakula akiba tu. Ukinunua betri mpya bila kuangalia mkanda umenunua asali nyingine ya kula, hujaleta nyuki.

Nasema kwa uchungu maana yamenikuta kweli, sio kwenye gemu. Fundi mmoja aliniambia betri imekufa, nikatoa hela, siku ya tatu gari tk tk tk tena. Fundi wa pili akaweka mita kwenye vichwa vya betri engine ikiwa inanguruma, ilitakiwa isome volti 14 hivi, ikasoma 12 na inashuka. Mkanda ulikuwa umelegea unateleza. Ile betri yangu ya kwanza nilikuwa nimeshamwachia fundi wa kwanza, labda mpaka leo inawasha gari la mtu.

Hata Pacific Drive ya 2024, ile gemu ya kukimbia na gari bovu kwenye ukanda wa maajabu huko Marekani, mafuta yana hesabu yake na betri ina yake, taa zinainyonya, na unaweza kufunga kifaa cha kuvuna umeme wa jua uijaze tena. Ujaze, sio uzike.

Kufa kupo lakini, siwadanganyi. Betri ikiachwa tupu miezi, bamba za madini ya risasi mle ndani zinashika gaga jeupe na hapo hata ikichajiwa haikai na kitu. Kuisha kukiachwa sana kunazaa kufa, labda ndio maana watu wanachanganya.

Kwa hiyo dogo, betri ile usiitupe. Zima taa, zima redio, ing'oe uiweke kwenye chaja, na ukirudi fungua boneti uone kama mkanda bado upo. Ikilala kwenye chaja mpaka ijae na bado haishiki chaji, inakujibu tk tk, hapo sema imekufa, na mimi nitakuja matangani.