Betri baridi haipokei

"Kaka, gari langu limekufa breki." Ndivyo alivyoanza dada mmoja mwenye gari la umeme aliyenipigia simu asubuhi ya Januari, huku nje ni nyuzi 17 chini ya sifuri. Alizoea kuachia pedeli ya mwendo na gari linapunguza kasi lenyewe. Siku hiyo aliachia, gari likazidi kwenda kuelekea taa nyekundu. Breki za miguu zilishika vizuri alipozikanyaga, lakini aliogopa sana, na nilimwelewa. Hapa Norwei, mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na wengi wanaingia humo bila kuelezwa jambo hili.

Gari lake lilikuwa zima. Ukiachia pedeli, magurudumu huizungusha mota nayo hugeuka jenereta. Kazi ya kuizungusha ndiyo inayolipunguza gari mwendo. Umeme unaozalishwa lazima uende mahali, na mahali penyewe ni betri. Yaani breki hiyo ni kuchaji. Betri isipoweza kupokea chaji, breki nayo hufifia au hupotea kabisa.

Ndani ya seli, yaani kila betri ndogo inayounda betri kubwa, ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za lithiamu hupita kwenye kimiminika na kujipenyeza katika tabaka za grafiti, aina ya kaboni. Kwenye baridi kimiminika huwa kizito na kupenya kunakuwa kwa shida. Ukilazimisha umeme mwingi, ayoni zinakosa pa kuingia, zinarundikana juu ya grafiti na kuwa utando wa metali ya lithiamu. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, na utando ukiota miiba unaweza kuleta shoti ndani ya seli. Kompyuta ya betri inazuia hilo kwa kupunguza chaji inayoingia. Kutoa umeme hakuna hatari hiyo, ndiyo maana gari hilohilo liliondoka nyumbani bila tatizo.

Kosa ninaloliona kila msimu wa baridi ni hili: mtu anawasha joto kwa programu ya simu, anakuta kiti kina moto, anaamini na betri imepata joto. Kwenye magari mengi amri ile hupasha chumba cha abiria tu. Betri hupashwa unapopanga saa ya kuondoka, au unapoweka kituo cha chaji ya haraka kwenye ramani ya gari. Soma kitabu cha gari lako, kwa sababu kila kampuni ina mtindo wake. Tesla Model 3, kwa mfano, haina hita ya pekee ya betri. Mota yenyewe huendeshwa kwa makusudi ipoteze umeme ili itoe joto.

Na joto hilo si la dakika tano. Betri ya kilo 400 kuipandisha nyuzi 20 hula takriban kilowati-saa 2, hivyo hita ya kilowati 5 itahitaji karibu nusu saa. Fanya hivyo gari likiwa bado kwenye waya wa chaji, umeme utoke nyumbani. Kama gari lako ni la zamani na halina mpango huo, panga chaji imalizike karibu na saa ya kuondoka. Kuchaji kwenyewe huacha joto kidogo kwenye seli.

Milimani ndipo ninapowasihi watu zaidi. Barabara ya E16 kutoka Filefjell hadi Lærdal inashuka karibu mita 1,000. Kwa gari la tani 2 hizo ni kilowati-saa 5 na zaidi. Kama gari lililala juu kule kwenye baridi, au umejaza betri hadi 100%, sehemu isiyoliwa na upepo na msuguano wa matairi itaishia kwenye diski za breki. (Betri iliyojaa hukataa hata kwenye joto: anayeshuka Lushoto kwenda Mombo, Tanzania, aondoke na nafasi kwenye betri.) Nenda polepole tangu juu, kanyaga kwa nguvu kisha achia, diski zipate kupoa.

Dada yule tulikagua menyu yake pamoja kwa simu. Gari lake lina mpangilio unaoziita diski zenyewe pale mota inaposhindwa, nao ulikuwa umezimwa. Tuliuwasha, tukapanga saa ya kuondoka iwe 12:30 asubuhi, siku za kazi.