Simu yako haijui alfajiri imeingia saa ngapi

Ramadhani ikikaribia huwa nalijua litakalokuja, na safari hii limekuja mapema: skrinishoti. Mtu anapiga picha skrini ya simu yake, anaitupia kwenye grupu la msikiti, juu kaandika "muadhini wetu kachelewa dakika sita, saumu zetu je?" Kabla hajajibiwa anaingia mwingine na skrinishoti yake, huyo anasema tumewahi dakika kumi na mbili. Muadhini mmoja, alfajiri moja, kachelewa na kawahi kwa pamoja. Mimi ndiye ninayepiga hesabu za ile karatasi ya nyakati za swala iliyobandikwa pale juu ya makubadhi, kwa hiyo zote zinanishukia mimi. "Ustadh, simu inatumia setelaiti, wewe unatumia nini?"

Setelaiti. Haya, tuongee.

Setelaiti inaisaidia simu kujua vitu viwili tu, uko wapi na sasa hivi ni saa ngapi, basi. Haina jicho linalotazama mashariki kwa niaba yako. Kinachobaki ni hesabu, na ndani ya hesabu kuna namba moja ambayo haikutoka angani, waliichagua watu wamekaa kikao wakajadiliana: jua liwe digrii ngapi chini ya upeo wa macho ndipo tuseme alfajiri imeingia. Rabita ya Makka, ambayo kwenye apu imeandikwa Muslim World League, wanatumia 18. Misri 19.5. Kalenda ya Ummul Qura ya Saudia 18.5. ISNA, jumuiya ya Waislamu kule Marekani ya Kaskazini, 15. Sasa huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, kila digrii ni dakika nne na sekunde kadhaa, piga mwenyewe: karatasi yetu iko 18, jamaa wa kwanza apu yake imekaa Misri, wa pili imekaa ISNA. Ugomvi wote ule umetoka kwenye setingi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuifungua! Apu imechagua fatwa kwa niaba yake, yeye anadhani ni sayansi.

Kuna kosa jingine chini ya hili ambalo ndilo baba yake, kwamba saa ya simu ndiyo wakati wenyewe na jua linatakiwa liifuate. Saa yetu ya Afrika Mashariki ni ya longitudo 45, na mstari huo haukanyagi Tanzania hata kwa bahati mbaya, unapita Aden kule. Dar iko kwenye 39 na kitu. Kila digrii ya longitudo ni dakika nne, kwa hiyo jua linatufikia sisi limechelewa kama dakika 23 ukilinganisha na saa ya ukutani. Juu ya hapo dunia haizunguki jua kwa mwendo ule ule mwaka mzima, na mhimili wake umeinama, matokeo yake mwanzoni mwa Novemba jua la Dar linapinduka saa sita na dakika sita hivi, na katikati ya Februari linapinduka saa sita na dakika 37. Nusu saa nzima inayumba, na hapo sijagusa masika wala kiangazi. Halafu mtu ananiambia "adhuhuri si saa sita na nusu siku zote?" Hapana mzee wangu, saa sita na nusu ni wakati mliokubaliana kusimamisha swala ya jamaa, na Februari ukiadhini hiyo saa sita na nusu umeadhini kabla ya wakati.

Greenwich, mstari wa sifuri ambako longitudo zote zinaanza kuhesabiwa, nayo ni makubaliano, mwaka 1884 pale Washington, na Wafaransa hawakuipigia kura wakang'ang'ania saa ya Paris mpaka 1911. Sitakaa hapo.

Istanbul ndiyo inanifurahisha zaidi. Waothmani walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi pwani, jua likizama saa 12, ila wao waliifuata kikweli kweli, magharibi ikiingia unarudisha mshale wa saa yako kwenye kumi na mbili, kesho tena, keshokutwa tena, na kulikuwa na watu wenye vyumba vyao msikitini kazi yao ni wakati tu. Kwa nchi ya kaskazini vile ambako machweo yanahama masaa, ilikuwa kazi haswa. Uturuki ikaiacha rasmi 1926. Sisi hatukuhitaji kurekebisha chochote kwa sababu magharibi ya Dar inacheza kati ya saa 12 na robo hivi na saa moja kasoro dakika 12, mwaka mzima, mtu hashtuki. Ndiyo maana watu wengi wameishi na kuzeeka wakiamini saa 12 jioni ni kuzama kwa jua, wakati Dar jua halizami saa 12 kamili hata siku moja ya mwaka. Hata moja.

Sasa Kigoma. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, maana hapa ndipo presha yangu inapopandia. Karatasi nyingi za Ramadhani zinachapwa kwa saa za Dar, chini zinaandikwa Dodoma ongeza hivi, Mwanza ongeza hivi, Kigoma ongeza dakika 38. Kwa longitudo ni sawa kabisa, Kigoma iko magharibi ya Dar kwa digrii tisa na nusu na zaidi kidogo, na adhuhuri ukiongeza 38 umepatia. Lakini magharibi na alfajiri hazitegemei longitudo peke yake, latitudo nayo imo, na Kigoma iko juu ya Dar kuelekea ikweta. Kwa hiyo mwezi wa Juni mchana wa Dar unakuwa mfupi kuliko wa Kigoma, tofauti ya machweo inafika dakika 42, Desemba inashuka mpaka 35. Sasa chukua Ramadhani iliyoanzia Juni, kama ile ya 2016, mtu wa Ujiji kaishika karatasi ya Dar kaongeza 38 kwa uaminifu wote, kafuturu jua halijazama bado, dakika nne zimebaki. Na huyo ndiye mwangalifu! Ambaye hakuongeza kabisa, kafuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar, huyo sijui nimwambie nini. Wazee wa Ujiji ambao hawakuwa na redio wala karatasi walitoka nje wakalitazama jua likizama nyuma ya ziwa, wakala tende zao, wakapatia kuliko sisi wote.

Wala si longitudo na latitudo tu. Mwaka 2011 mufti wa Dubai aliwaambia wanaokaa Burj Khalifa kuanzia ghorofa ya 80 wasubiri dakika mbili kabla ya kufuturu, na walio juu ya 150 wasubiri tatu, kwa sababu ukiwa juu kule jua bado unaliona. Jengo moja, lifti moja, magharibi tatu. Niambie simu ya nani imekosea hapo.

Alasiri haraka haraka: Shafii ni kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukitoa kivuli cha adhuhuri, Hanafi mara mbili. Kwa Dar tofauti ni saa nzima na dakika juu. Jaribu mwenyewe karibu na tarehe 10 Oktoba au siku za mwanzo za Machi, jua la Dar linapita utosini, simamisha kijiti uani adhuhuri utaona kivuli kimejikunyata chote chini ya kijiti, hakuna cha kutoa, subiri kama masaa matatu, kivuli kitalala kimelingana na kijiti chenyewe. Umepata alasiri ya Shafii bila bando. Anayekuletea skrinishoti ya alasiri ya saa kumi na nusu na zaidi, muulize apu yake iko Hanafi?

Haya, narudi kwenye alfajiri, kwa sababu kuna jambo huwa silisemi kwenye grupu. Nimeweka 18 na nitaendelea nayo, ila ukinibana uniulize kama kweli kwa macho alfajiri ya kweli inaonekana kwenye 18 hapa pwani, sina jibu la kukuapia. Qur'ani inasema kuleni na kunyweni mpaka ubainike kwenu uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri, Baqara 187, na inajulikana habari ya Adiy bin Hatim aliyeweka kamba mbili chini ya mto wa kulalia akawa anazitazama usiku, Mtume akamweleza ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Maana yake ni kitu cha kuonekana. Haya nenda ufukweni ukatazame. Bahari ya Hindi ina mawingu yake pale chini kabisa, hewa ina unyevu, nyuma yako mji mzima umewasha taa, na kabla ya yote inatangulia alfajiri ya uongo, ule mwanga uliosimama wima kama mkia wa mbwa mwitu, ambao ni vumbi la angani linalomulikwa na jua, na kwa ubaya wetu karibu na ikweta unasimama vizuri na kuonekana kuliko nchi za kaskazini. Asubuhi nyingi nilizotazama ule weupe wa kulala, unaotanda kushoto na kulia, niliuona nyuma ya wakati wa karatasi yangu mwenyewe. Ni macho yangu? Ni mawingu? Ni taa za mji? Sijui kwa kweli. Indonesia, ambao wako kwenye ikweta kama sisi, jumuiya yao kubwa ya Kiislamu ya Muhammadiyah waliamua mwishoni mwa 2020 kushuka kutoka 20 kwenda 18, yaani alfajiri yao ikachelewa kama dakika nane, na serikali yao ikabaki kwenye 20. Wana wataalamu na vifaa kuliko mimi na kijiti changu, na bado wamegawanyika.

Ndiyo maana nimebaki 18: kwenye daku inakufanya uache kula mapema kidogo, hakuna hasara. Tatizo ni swala, maana ukiswali papo hapo adhana inapoisha na kama 18 ni mapema, umeswali usiku. Kwa hiyo imamu wetu anakimu dakika ishirini na tano baada ya adhana. Na wewe uliyeuliza kwa nini tunachelewesha wakati wazee wanasinzia, ndiyo sababu hiyo.

Walioko London msiniletee setingi zenu kabisa. Mwezi wa Juni jua la kwenu halifiki digrii 18 chini usiku kucha, hesabu inagoma, wengine wanagawa usiku mafungu saba, wengine wanagawa katikati, na apu inakuchagulia mojawapo kimya kimya.

Kwa aliyeko Dar: fungua setingi, njia weka Rabita, madhehebu Shafii, lokesheni iwashe, na ile sehemu ya kuongeza au kupunguza dakika iache sifuri. Ikitofautiana na karatasi kwa dakika moja mbili ni kukadiria tu, usiitume kwenye grupu. Mwandamo wa mwezi msiniulize, hiyo si hesabu, hiyo ni siasa.