Ushauri elekezi kwa asasi zisizo za faida: dhana na ukweli wake

Wengi walioajiriwa kwenye asasi kwa miaka mingi hufikia hatua ya kutaka kujitegemea kama washauri waelekezi. Kazi ipo na asasi zinaihitaji mno, ila baadhi ya dhana wanazoanza nazo huwaumiza wao na kuziumiza asasi wanazotaka kuzisaidia.

Dhana: asasi hazina fedha, kwa hiyo mshauri ajitolee

Kutokuwa ya faida maana yake ni kwamba ziada haigawanywi kwa waanzilishi wala wanachama. Asasi hulipa mishahara, pango na mkaguzi wa hesabu, na mshauri pia hulipwa. Ugumu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zake imefungwa kwenye miradi. Mkurugenzi anaweza kuwa na akaunti iliyojaa na bado asiweze kukulipa hata kazi ya siku moja, kwa sababu bajeti aliyosaini na mfadhili haina kifungu cha ushauri. Basi ukikutana naye, uliza mapema: kazi hii italipwa kutoka kifungu gani? Kama hakipo, zungumzeni kabla andiko la mradi unaofuata halijapelekwa kwa mfadhili, maana hapo ndipo gharama yako inaweza kuingizwa.

Wafadhili nao wanaanza kulegeza. Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa na tathmini za asasi, ziliwaandikia wachangiaji barua ya wazi, zikiwasihi wasiipime asasi kwa uwiano wa gharama za uendeshaji peke yake. Nchini Marekani, asasi zinazopata ruzuku za serikali kuu bila kuwa na kiwango chao maalumu cha gharama zisizo za moja kwa moja (za uendeshaji wa jumla, kama pango na uhasibu) ziliruhusiwa kuanzia Oktoba 2024 kudai gharama hizo hadi asilimia 15 ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja za mradi, kutoka 10.

Dhana: andika andiko bure, ulipwe asilimia ruzuku ikitoka

Hii ndiyo ningependa iachwe kabisa. Kanuni za maadili za Association of Fundraising Professionals, chama cha wataalamu wa kuchangisha fedha, zinawakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia ya michango. Sababu zake ni za msingi. Fedha za ruzuku zimeombwa kwa ajili ya walengwa, na wafadhili wengi hawakubali zilipie kazi iliyofanyika kabla ya mradi kuanza. Isitoshe, mshauri wa kamisheni huvutwa kuomba kiasi kikubwa kuliko uwezo wa asasi kukisimamia. Na hata andiko bora hukataliwa kwa sababu zisizo mikononi mwa mwandishi: vipaumbele vya mfadhili vimebadilika, au hesabu za asasi hazijakaguliwa.

Toza ada ya kazi yenyewe. Asasi ndogo ikishindwa kulipa yote kwa mkupuo, igawe kwa hatua: kwanza tathmini fupi ya kama asasi iko tayari kuomba, kisha uandishi.

Dhana: mshahara wa zamani ugawe kwa siku za kazi, upate ada yako

Ukifanya hivyo utafilisika taratibu. Siku za kutafuta wateja, kuandika zabuni, kufuatilia ankara na kuugua hazilipwi na mtu, na bima na akiba ya uzeeni sasa ni juu yako.

Dhana: wateja watano ni usalama

Inategemea wanalipwa na nani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika lake la misaada, ikawa imeacha rasmi kutekeleza misaada hiyo. Mshauri ambaye asasi zake zote tano ziliitegemea alikuwa, kwa hesabu za kweli, na mteja mmoja. Kwa hiyo kwenye orodha ya wateja wako ongeza safu ya mfadhili wa kila mmoja. Jina moja likijirudia zaidi ya nusu ya orodha, mteja unayemtafuta sasa atoke kwingine: asasi inayoendeshwa kwa ada za wanachama, kwa mfano, au kwa michango ya watu binafsi.