Mafuta mazito hayatainua shokapu za pikipiki yako

Jumatatu asubuhi motari mmoja, dereva wa pikipiki za abiria anayefanya njia ya Goma hadi Sake, alinisukumia mlangoni mwa gereji yangu Yamaha AG100 ya zamani, akabana breki ya mbele, usukani ukainama hadi shokapu zikagonga chini. Sijashika hata spana akaniambia, "Papa, nitilie tu mafuta mazito, zitakuwa ngumu." Wiki hiyo alikuwa wa nne. Nimejibu maneno haya kwa mdomo mpaka nimechoka, na pikipiki bado zinaletwa zikiwa zimejazwa oili ya gia.

Mafuta hayabebi pikipiki. Inayobeba ni springi, ile tunayoiita resori. Kazi ya mafuta ni kupunguza mbio: shokapu ikishuka au ikipanda, mafuta hulazimika kupita kwenye vitundu vidogo vya fimbo ya ndani, na ugumu wa kupita hapo ndio unaozuia gurudumu kurukaruka. Pikipiki ikisimama, mafuta hayapiti popote na hayazuii chochote. Kwa hiyo kama mbele imelala pikipiki ikiwa imeegeshwa tu nyumbani kwako, hata ukimimina lami humo ndani itaendelea kulala. Itachelewa tu kufika chini.

Na barabara zetu mnazijua. Mitaa mingi ya Goma bado imekaa juu ya lava ya Januari 2002, mawe yametokeza, hujamaliza hili umefika lile. Gurudumu likigonga jiwe, shokapu hushuka kwa kasi kubwa. Shokapu hizi za zamani zina vitundu ambavyo ukubwa wake haubadiliki. Kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa mafuta huzidi karibu mara nne. Tia mafuta mazito, na kwenye pigo kali shokapu inageuka chuma kitupu. Pigo linapanda lote kwenye viganja, mabega na beringi za usukani.

Kisha linakuja baya zaidi. Springi inataka kurudi juu, mafuta mazito yanaishika. Haijafika, jiwe la pili limegonga, la tatu, la nne, na kila moja linaikuta chini kuliko lilivyoikuta lililotangulia. Ukimaliza mita hamsini za mawe unaendesha pikipiki ambayo mbele haina shokapu kabisa. Motari anashuka, anasema bado ni laini, anaenda kuongezewa mazito zaidi. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu fundi aliyemtilia alipaswa kujua.

Ile AG100 niliifungua mbele yake na nikamwomba asiondoke. Mafuta yalitoka meusi, polepole, yananuka gia, na mwishoni likatoka tope la kijivu: unga wa chuma na vumbi la lava. Nikapanga springi mbili mezani, bega kwa bega. Moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Akaziangalia muda mrefu bila kusema kitu.

Kitabu cha pikipiki hutaja urefu wa mwisho unaokubalika wa springi. Ikiwa fupi kuliko hapo, inabadilishwa, tena zote mbili. Usipopata mpya, jua hili: springi iliyochoka imepoteza urefu, chuma chake hakijawa laini. Unaweza kuirudishia urefu kwa kipande cha bomba. Nilikata vipande viwili vya bomba la chuma, kila kimoja kwa kiasi ambacho springi yake imepoteza, nikasawazisha ncha kwa tupa, nikaweka washa kati ya bomba na springi. Kipande cha sentimita moja huinua mbele karibu sentimita moja. Usipite kiasi, kwa sababu springi ikibanwa sana mizunguko yake hugusana kabla shokapu haijafika mwisho. Na kipande hicho hakiigeuzi springi kuwa ngumu zaidi. Kama kila siku unabeba magunia ya makala, yaani mkaa, kutoka Kibumba, unahitaji springi nene zaidi.

Usikisie, pima. Inua mbele gurudumu lisiguse chini, pima sehemu inayong'aa ya bomba la shokapu. Shusha, mwenye pikipiki akae mahali pake, miguu juu ya pedali za kukanyagia, mtu mwingine apime tena. Tofauti iwe robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu: kama mwendo ni milimita 120, ishuke 30 hadi 40. Ya motari wangu ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Baada ya vipande vile ilisimama kwenye theluthi.

Mafuta tia yale yanayotajwa kwenye kitabu. Kwa pikipiki nyingi za zamani ni oili ya shokapu yenye uzito wa 10W au 15W. Yakikosekana, mimi natia ATF, yale mekundu ya giaboksi za otomatiki. Honda wenyewe waliyaandika kwenye vitabu vya pikipiki zao nyingi za miaka ya 1970. Nayaamini kuliko oili yoyote ya injini.

Wabishi wana kipande kimoja cha ukweli: kiasi cha mafuta kina maana. Hewa inayobaki juu yake hubanwa shokapu inapokaribia mwisho, nayo husaidia kuzuia kugonga chini. Kwa hiyo toa springi, bonyeza mguu wa shokapu hadi mwisho, pima kutoka mdomo wa bomba hadi usawa wa mafuta, pande zote mbili ziwe sawa. Ukizidisha, hewa inakosa nafasi na sili, zile za kuzuia mafuta yasitoke, zinapasuka.

Ukimaliza, bonyeza usukani kwa nguvu kisha uachie. Usukani unapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ukicheza mara mbili tatu, mafuta ni machache au yamekufa. Ukipanda kama mgonjwa anayeamka, ni mazito mno.

Kuhusu kuvuta springi kwa jiriwa ili irefuke: itarudi ilipokuwa baada ya siku chache, na mizunguko yake haitalingana tena. Usifanye.

Wengine huniambia mbele inalala "kwa sababu ya abiria." Abiria wawili nyuma yako wanakandamiza zaidi shokapu za nyuma. Za mbele zinaonewa unapofunga breki, uzito wote unapokimbilia mbele, na ndiyo maana udhaifu wao unauona hapo.

"Badilisha sili, itakuwa ngumu." Sili, au spi, inazuia mafuta yasitoke, basi. Na kama umetia mpya na baada ya wiki inavuja, acha kulaumu sili. Safisha bomba, pitisha ukucha juu yake kutoka chini hadi juu. Mahali ukucha unaponasa pana shimo la kutu, na shimo hilo ndilo linaloikata sili. Vishimo vidogo navisugua kwa msasa laini wenye maji. Bomba lenye mashimo makubwa linabadilishwa. Mchanga wa lava una makali kama kioo, kwa hiyo vaa shokapu zako soksi za mpira, na zikipasuka badilisha siku hiyohiyo.

Shokapu inayovuja usiiache kwa sababu "inavuja kidogo tu." Mafuta hushuka kwenye mguu hadi kwenye breki ya mbele. Ukiona disiki au vitambaa vya breki vimelowa mafuta, pikipiki ilale hapo ilipo, usipande nayo hata hadi kwangu. Nipigie nije na sanduku la spana.