Je, maumivu ya marehemu hayathibitishiki mahakamani?

Wengi huamini kwamba mtu akifariki kwa uzembe wa mwingine, maumivu aliyoyapata hayawezi kuthibitishwa mahakamani, kwa kuwa aliyeyahisi hayupo kuyasimulia. Ni hoja inayoeleweka; maumivu huyajua mwenyewe.

Lakini daktari anayeitwa kama shahidi mtaalamu hasimulii hisia za marehemu. Anasoma dalili zilizobaki. Swali kubwa huwa moja: je, marehemu alikuwa na fahamu, na kwa muda gani? Hapo huangaliwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotangazwa mwaka 1974, ambacho alama zake ni 3 hadi 15 (15 ni fahamu kamili). Tuseme muuguzi aliandika 14 saa mbili usiku, akaongeza "analalamika kifua", kisha mgonjwa akachomwa morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mistari hiyo michache ina uzito kuliko hotuba ndefu ya wakili. Masizi ndani ya koo la hewa nayo huonyesha kwamba mtu alikuwa akipumua wakati wa moto, ingawa peke yake hayathibitishi kwamba alikuwa na fahamu.

Kiasi cha fidia si kazi ya daktari; huamuliwa na mahakama.

Ukitaka kukagua mwenyewe, soma hukumu ya kesi ya aina hii (nyingi ziko wazi kwa umma). Tafuta muda uliopita kati ya jeraha na kifo, kisha uangalie daktari alitegemea nini: faili la hospitali, ripoti ya uchunguzi wa maiti, mashuhuda, au makisio tu.