Kisichojazwa si sifuri: yanayowapotosha wanaoanza SQL

Jioni huwa nakaa na vijana hapa Dodoma tukijifunza kuihoji kanzidata kwa SQL, lugha ya kuulizia taarifa zilizohifadhiwa kwenye majedwali. Wengi huja na imani zilezile, na moja inanisumbua kuliko zote: kwamba mahali pasipojazwa, yaani NULL, ni sawa na sifuri.

Sivyo. Chukua jedwali la wakulima watatu wa zabibu wa Hombolo. Wa kwanza kapima kilo 40, wa pili 60, wa tatu mzigo wake haujafika kwenye mizani. Ukiomba wastani kwa AVG(kilo), unapewa 50, kwa sababu asiyepimwa anarukwa. Mwandikie sifuri, wastani unaporomoka hadi 33 na ushei, na umemsingizia mkulima kwamba hakuvuna kitu. Lile ni jasho la mtu.

Kwenye kutafuta ndiko wengi wanakoumia. Mwanafunzi anaandika WHERE kilo = NULL akitarajia kumpata yule wa tatu. Hapati hata mstari mmoja, wala haambiwi kuwa kakosea. NULL maana yake "haijulikani", na kisichojulikana ukikilinganisha na chochote, jibu haliwi ndiyo wala hapana. Inatakiwa WHERE kilo IS NULL. Hata ukiomba kilo <> 40, yaani zisizo sawa na 40, anarudi wa 60 peke yake. Nawasihi wanaoanza wajaribu hili kwa mikono yao, waone, ndipo waendelee.

Kuna wanaosema SQL imepitwa na wakati. Ni ya zamani kweli: Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliieleza mwaka 1974, wakijenga juu ya kazi ya Edgar Codd ya 1970 kuhusu kupanga taarifa kwa majedwali. Lakini haikuishia hapo. Kiwango rasmi cha SQL cha 1999 kilileta maswali yanayojirejea, yaani yanayojiita yenyewe tena na tena, na cha 2003 kikaleta OVER, inayokupa jumla inayokua mstari baada ya mstari huku kila mkulima akibaki anaonekana.

Eti lazima uwe na seva na bando? SQLite, programu ndogo ya kanzidata, huhifadhi kila kitu kwenye faili moja, bila intaneti.

Tena, mistari hairudi lazima kwa mpangilio ulioiingiza. Usipoandika ORDER BY, hujaahidiwa mpangilio wowote, hata kama majaribio yako yote yametoka sawasawa.